Jokofu la Nchi Tatu

Jokofu la mbegu lilipokufa, mtunza mbegu wa kituo cha utafiti wa misitu aliandika barua ya kuomba jipya siku hiyo hiyo. Wenzake walimwita Mama Mbegu, utani uliogeuka jina. Kituo kilifadhiliwa na nchi tatu, na hata balbu haikubadilishwa mpaka zote tatu ziweke sahihi. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilitaka kikao. Ya tatu ilitaka kujua hicho kikao ni cha nini.

Mama Mbegu akahamishia makopo ya mbegu za mti mmoja adimu kwenye jokofu la nyumbani kwake, ingawa baridi yake haikutosha. Mumewe akanuna maziwa yalipokosa nafasi.

"Manahodha wengi chombo huenda mrama," mume alisema.

"Hawa hata nanga hawajang'oa!" alifoka mkewe.

Ikapita miezi kumi na moja. Akazijaribu: mbegu mia moja juu ya kitambaa chenye maji, mwezi mzima. Haikuota hata moja. Alipozipasua, ndani zilikuwa nyeusi tii. Na mti wa mwisho wa aina ile ulishapasuliwa mbao.

Leo jokofu jipya limefika, limebandikwa bendera tatu mlangoni. Mkurugenzi akamnong'oneza, "Mama, weka tu makopo, wageni wapige picha. Mambo ya kuota tutaongea baadaye."

Akayapanga taratibu, kama anayelaza maiti.

Mgeni mmoja akauliza mbegu zitakaa humo muda gani.

"Milele," akajibu Mama Mbegu.

Wakapiga makofi.