Picha Kali

Mwaka wa 1957 nilikuwa naosha vioo katika nyumba ya dawa ya shamba moja la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Tuliiita nyumba ya dawa ingawa hakuna mtu aliyetibiwa pale. Iliyotibiwa ni mibuni. Kulikuwa na ugonjwa ulioozesha buni zikiwa bado mbichi mtini, na wenye mashamba walimwajiri Bwana Haskins atafute chanzo chake. Alisema ni ukungu. Basi wafanyakazi wakamwita Bwana Ukungu, naye alijua na hakukasirika.

Kila asubuhi nilipokea vioo vilivyotumika jana yake, vile vyembamba virefu kama kidole, ambavyo kitu huwekwa juu yake ili kitazamwe kwa darubini ya vitu vidogo. Niliviosha kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji safi, kisha kwa spiriti, halafu nikavipangusa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikaacha kutoa nyuzi. Baadaye Bwana alinifundisha kukata ganda la buni kwa wembe, nikatoa kipande chembamba kinachopitisha mwanga. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Shule niliishia darasa la nne, shule yetu ilipofungwa. Kusoma nilijua. Kusema mbele ya watu ndiko kulikonishinda. Nikiulizwa jambo, jibu lilikuja kooni likakaa hapo mpaka aliyeuliza akaenda zake.

Nilitoka kijijini Gitothua kwa barua. Miaka ile ya Hali ya Hatari sisi Wakikuyu hatukutoka kijijini kwenda kazini bila barua ya mwajiri, na asiyekuwa nayo alibaki kuchimba mitaro na wenzake. Mama goti lake lilikuwa limevimba, na mimi ndiye niliyemletea maziwa na dawa ya kuchua kutoka nje. Barua yangu iliandikwa upya kila miezi mitatu na Kagwe, karani wa shamba, kisha Bwana akaitia sahihi. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa inaisha Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo kamera ilifika.

Ilikuja kutoka Nairobi katika sanduku la mbao lenye nyasi kavu ndani. Ilikuwa kamera nzito, nyeusi, isiyo na lenzi yake yenyewe. Mahali pa lenzi palikuwa na bomba fupi la chuma, na bomba hilo lilivishwa juu ya darubini pale mtu anapoweka jicho. Likakazwa kwa skrubu tatu. Darubini ndiyo ikawa lenzi. Bwana alitaka picha za mbegu za ukungu azipeleke Thika Jumamosi, kwenye mkutano wa wakulima, kwa sababu wakulima walikuwa wamechoka kusikia habari za kitu wasichokiona.

Mpiga picha alikuwa Barasa, mtu wa Bungoma, mnene, mcheshi, Mkristo wa Kwekeri asiyegusa pombe. Alikuwa amejifunza kusafisha filamu kwa Mhindi mmoja mwenye studio Thika. Chumba cha giza alijitengenezea mwenyewe kwa kuziba dirisha la stoo kwa magunia.

Picha za kwanza zilitoka jioni. Barasa alizitundika kwa vibanio kama nguo. Bwana alizitazama moja moja, pua ikikaribia kugusa karatasi.

"Barasa. Picha hii hapana kali."

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi nataka kali. Kali sana."

"Kali sana. Nimesikia, Bwana."

Bwana alipotoka, Barasa alinikonyeza. "Picha ya ukungu imejaa ukungu. Lakini usiwe na wasiwasi, dada. Kesho nitampa kali mpaka apige chafya."

Siku ya pili aliongeza dawa ya kusafishia mara mbili ya kipimo. Picha zikatoka nyeusi kama masizi, na nyeupe yake nyeupe kama chokaa. Barasa alifurahi. Bwana alizitazama akazirudisha mezani.

"Hapana kali!"

"Bwana, nikiongeza kali kuliko hii itaunguza karatasi."

"Kali, Barasa! Kali! Wewe hapana jua kali?"

"Najua, Bwana. Kama pilipili."

Bwana alishika kichwa. Alisema maneno ya Kiingereza ambayo Barasa hakunitafsiria. Kisha akachukua kimoja cha vioo vyangu, akakiinua dirishani, akakitazama huku na huku. 

"Nani osha hii?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Jibu likaja kooni likakaa.

"Ni Wakonyo, Bwana," Barasa akasema polepole.

"Glasi chafu, picha chafu," Bwana akasema, akatoka.

Siku hiyo niliviosha vioo vyote upya, hata vile ambavyo havijatumika. Spiriti ilinikausha vidole vikapasuka. Jumatano picha zilitoka vilevile. Mchana Kagwe alikuja dirishani nilipokuwa naosha. Alikuwa mtu wa Githunguri, mwembamba, na kalamu haikutoka sikioni mwake.

"Mwari wa maitu," aliniambia, maana alipenda kuniita dada yake, "Bwana amesema nisiandike barua yako kwanza. Anasema Ijumaa ataona. Kama picha ni chafu, atatafuta mwoshaji mwingine."

Nilitikisa kichwa.

"Unatikisa kichwa nini? Kwani vioo ni vichafu?"

Nilitikisa tena.

"Basi mwambie! Mdomo wako ni wa kunywea uji tu?"

Akaenda. Nilibaki na mikono ndani ya maji. Nilijua vioo vilikuwa safi, lakini kujua kwangu hakukuwa na maana kama hakuna mwingine aliyejua.

Alhamisi asubuhi Bwana aliniita nimkatie buni. Nilikata, naye akasimama akitazama mkono wangu. Mara akauchukua ule wembe, akauinua mbele ya Barasa, akapitisha kidole hewani kando ya makali yake.

"Hii, Barasa. Hii kali. Picha kama hii."

Barasa akaitikia, "Ndiyo, Bwana," lakini niliona usoni kwamba hakuelewa kwa nini picha ifanane na wembe. Mimi nilielewa. Bwana hakutaka pilipili. Alitaka makali, yaani ukingo. Pale mbegu inapoishia, iishie pale pale, kama kitu kilichokatwa.

Barasa alikuwa akitupa picha mbovu kwenye kikapu kando ya beseni langu. Wakati wa chakula walipotoka, nilitoa tatu nikazitandaza dirishani, nikachukua lenzi ya mkononi ya Bwana. Mbegu za ukungu ule zina umbo la punje za mchele. Zile zilizolala kwa upana wa picha zilikuwa na mistari miwili juu na miwili chini, kama mtu aliyejifunika blanketi mbili. Lakini zile zilizosimama wima mbavu zake zilikuwa na mstari mmoja tu, mwembamba, mzuri. Vichwa tu ndivyo vilivyorefuka. Nikatazama ya pili. Vilevile. Ya tatu vilevile.

Uchafu hauchagui upande. Kama kioo kingekuwa na mafuta, kila punje ingefifia kuzunguka mwili wote. Hizi zilikuwa zimesogea. Zilisogea juu na chini, kidogo sana, wakati wa kupigwa.

Lakini zilisogezwa na nini? Mashine ya kumenya buni kule mtoni ilikuwa imezimwa Barasa alipopiga picha. Bwana alikwisha kuamuru hivyo tangu Jumanne, hata wachumaji wakanung'unika. Na sisi sote tulisimama kama nguzo.

Nilichukua kisahani cha chai, nikakijaza maji, nikakiweka juu ya meza ya darubini, karibu kabisa na mguu wake. Nilijua kutoka kwenye beseni langu kwamba maji huona mambo ambayo mtu haoni. Mtu akipita nje na mkokoteni, beseni hutoa viduara kabla sijasikia magurudumu. Kisha nikarudi mahali pangu nikangoja.

Bwana aliingia wa kwanza.

"Nani weka maji hapa? Hapa! Karibu na darubini!"

Barasa aliyekuwa nyuma yake alinitazama. Kagwe alikuwa mlangoni na makaratasi yake. Wote watatu walinitazama, na jibu likaja kooni. Nililisukuma.

"Mimi," nilisema.

Ilikuwa sauti ndogo hata Bwana akainama. "Nini?"

"Mimi, Bwana. Kaka Barasa apige picha. Bwana atazame maji."

"Dada, unataka tufukuzwe wote?" Barasa akasema kwa pembe ya mdomo.

"Piga tu," nilimwambia.

Bwana alitazama kisahani, akanitazama mimi, akavuta kiti akakaa. "Piga," alisema.

Barasa akawasha taa ya darubini. Mwanga wake uligusa kisahani kidogo, ukatupa doa jeupe darini. Doa lilikuwa limetulia. Kisha Barasa akabonyeza waya wa kufyatulia kamera. Tulisikia *klak*, kama mtu anayefunga sanduku la bati. Doa la darini likatetemeka. Katika maji vilitoka viduara vitatu, vinne, vikafuatana mpaka ukingoni. Halafu *klak* ya pili, kamera ikajifunga, na maji yakatetemeka tena.

 Barasa alibonyeza mara nyingine bila kuambiwa. Viduara vikaja.

"Hee!" alisema. "Omwana wefwe! Mwana wetu! Kamera inajipiga yenyewe teke!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango mdogo ulio ndani ya kamera ulifunguka kwa nguvu, na kwa kuwa kamera ilikazwa juu ya darubini kwa skrubu tatu, teke lile lilishuka moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Picha ilichukuliwa kwa muda wa sekunde moja tu, na nusu ya sekunde hiyo kila kitu kilikuwa kikitikisika. Kitu kidogo sana, lakini darubini hukuza kila kitu, hata teke.

Bwana alianza kusema kwa Kiingereza, haraka, akihesabu kwa vidole. Barasa akatafsiri: tuitenganishe kamera na darubini, tuitundike kwenye ukuta. Lakini ukuta ulikuwa wa mbao, na fundi angefika Jumatatu. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Safari hii sikungoja kuulizwa.

"Tuzibe taa," nilisema.

"Nini?"

Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Juu ya rafu palikuwa na boksi tupu la vioo, la karatasi ngumu nyeusi. Nilikata kifuniko chake kwa wembe nikapata kadi ya ukubwa wa kiganja. Nikaishika mbele ya taa, bila kugusa meza, na darubini ikawa giza.

"Kaka Barasa, fungua kamera, iache wazi."

*Klak.* Maji yakatetemeka. Kamera ilikuwa wazi, lakini ndani yake hakukuwa na mwanga wa kuandika chochote. Tulingoja. Nilitazama kisahani mpaka kiduara cha mwisho kikapotea na maji yakawa kama kioo kilichopanguswa. Nikainua kadi. "Moja," nilisema, kwa sauti. Nikairudisha.

"Funga."

*Klak.* Maji yatetemeke yakitaka, halikuwa neno tena; picha ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Tulipiga picha sita namna hiyo. Bwana mwenyewe alizima redio ya nyumbani kwake, ingawa haikuhusika. Barasa aliingia chumba cha giza, na mara hii alipima dawa kipimo cha kawaida. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani nyuma ya magunia.

Alitoka na picha ikidondoka maji. Hakuitundika. Aliileta moja kwa moja akamwekea Bwana mbele.

Punje za ukungu zilikuwa pale, zimelala, zimesimama, zingine mbili mbili. Kila moja iliishia mahali pake. Katikati ya punje moja ungeweza kuona vidoa viwili vya mafuta. Bwana alichukua wembe uliokuwa mezani akauweka kando ya picha, vikakaa pamoja.

"Kali," alisema.

"Kali," Barasa akaitikia. Kisha akaninong'oneza, "Mimi ningeita safi. Angesema safi tangu Jumatatu, dawa yangu ingekuwa imebaki chupa nzima."

Bwana alichukua tena kimoja cha vioo vyangu, akakiinua dirishani kama alivyofanya siku ile. Alikitazama muda mrefu. Hakusema alikosea. Alikirudisha kwenye boksi taratibu, akikishika kwa kingo tu, kama alivyonifundisha mimi kukishika. Akamwambia Kagwe kwa Kiingereza maneno machache, akaenda na picha yake bado mbichi mkononi.

Kagwe akatoa kalamu sikioni. Akatandika karatasi juu ya meza yangu, kando ya beseni, akaandika jina langu, jina la mama, na kijiji cha Gitothua. Akasimama.

"Bwana anasema kuanzia sasa utashika kadi kila picha ikipigwa. Basi kwenye kazi niandike nini? Msaidizi wa mpiga picha? Ni neno kubwa, askari wa kijiji atakusimamisha kila asubuhi akuulize maana yake."

Barasa alicheka. Wote wawili wakanitazama wakingoja, na nilifikiri jibu lingekaa kooni kama kawaida.

"Andika mwosha vioo," nilisema. "Na vilikuwa safi tangu Jumatatu."

"Hilo la pili siwezi kuliandika, mwari wa maitu."

"Najua. Nimekuambia wewe."

Akaandika. Alipuliza wino ukakauka, akanipa, nami nikaikunja mara nne nikaitia kifuani. Kisha nikafuta vidole nikarudi kwenye beseni, maana vioo vya siku hiyo vilikuwa bado havijaoshwa.