Mtu wa Pili Hemani

Baba yangu, mzee Masalu, ana kibali cha kuwinda, ana bunduki ya marisau yenye karatasi zake zote, na ana kichwa kigumu ambacho hakijaandikishwa popote.

Kila msimu ukifunguliwa mwezi wa saba huingia pori la wazi upande wa Ushirombo kutafuta kanga na kwale. Hulala huko siku kadhaa, kisha hurudi amekonda na amefurahi. Miaka yote alikuwa akienda na rafiki yake mzee Gregory. Gregory alibeba turubai, Baba akabeba bunduki na maji, na porini walilala chini ya turubai hilo wakigombana kama mke na mume. Kisha sukari ikamshika Gregory miguu, watoto wake wakamhamishia Kahama, na mwaka jana Baba akaenda peke yake. Huko akateguka kifundo cha mguu ndani ya korongo, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Akarudi siku mbili baada ya ile tuliyomtarajia, anachechemea na fimbo. Alipofika uani alisema tu, "Kanga wa mwaka huu wana mbio."

Mimi Salome sina hasira za kuweka akiba. Nilimwambia palepale, mbele ya majirani, kwamba peke yake hatakwenda tena. Akinibishia nitatandika mkeka mlangoni pa maofisa wa maliasili mpaka wamnyime kibali. Aliniangalia, akaangalia mguu wake uliovimba, akanyamaza. Kwa Baba, kunyamaza ni kukubali kwa shingo upande.

Basi mwezi wa sita mwaka huu akanijia kibandani kwangu Katoro. Mimi hushona maturubai. Ikisikika tu kwamba dhahabu imeonekana mahali, wachimbaji hukimbilia huko, na kabla ya kukimbia hupita kwangu. Baba alishika turubai moja, akalinyanyua, akalirudisha.

"Kazi yako nzuri, mwanangu, lakini hili ni ng'ombe mzima. Goti langu halitaki. Nataka hema jepesi, la kuenea watu wawili na bunduki."

"Na mtu wa pili ni nani?"

"Tuanze na hema," alisema.

Nikafunga cherehani. Mume wangu Theonest, anayeuza vipuri vya bodaboda kibanda cha tatu kutoka changu, akafunga duka lake vilevile na kutufuata bila kualikwa. Theonest ni mtu wa Muleba. Amenisumbua tangu tuoane kwa swali moja: baba yako atanichukua lini porini? Anampenda mkwe wake sana, lakini kwa mbali, kama mtu anavyoupenda moto.

Tulikwenda kwa Nelly, anayefungua mabelo ya mitumba ya kila namna: mabegi ya mgongoni, majaketi, na mahema yaliyokwisha kulaliwa na Wazungu. Alitutolea la kwanza, la rangi ya chungwa.

"Kanga wote wa mkoa watatuona," alisema Baba.

La pili lilikuwa la kijani, lakini kitambaa kilipiga kelele kikiguswa tu. Baba alilikunja-kunja sikioni kwake, akatikisa kichwa. Porini mtu akigeuka usiku ndani ya kitu kile, mpaka fisi anajua ubavu gani unakuuma. La tatu nililikataa mimi. Nilipitisha kidole kwenye mishono ya sakafu nikakuta gundi imebanduka. Maji yangeingia kama yaliyokaribishwa. La nne halikuwa na wavu wa mbu. La tano lilikuwa zuri, ila fito zake zilikuwa za chuma, na tulipolipeleka bucha ya jirani kulipima, maana Baba haamini uzito wowote ambao haukutoka kwenye mizani ya nyama, mwenye bucha alicheka akasema hilo ni paja zima.

"Mzee," Nelly alisema, amechoka, "mchagua jembe si mkulima."

"Kweli, mama. Mimi ni mwindaji."

Hapo Nelly akapanda juu ya meza akashusha kifuko kimoja kidogo, nikadhani ni mwavuli. Lilikuwa hema la rangi ya majani makavu, laini, halina kelele, fito za aluminiamu. Mishono ilikuwa imefungwa kwa utepe vizuri kiasi kwamba nilimwonea wivu aliyeishona. Lilikuwa na matabaka mawili: la ndani la wavu, la nje la mvua, na kati yake nafasi ya hewa ili asubuhi umande wa pumzi usiwadondokee waliolala. Bucha wakasema halifiki hata uzito wa kuku wawili wa kienyeji. Baba alilikumbatia kama mtoto.

"Sasa mtu wa pili," nilisema.

Theonest akakohoa. "Baba, kama hutajali, mimi nipo."

Baba hakumtazama. Alinivuta kando, akaninong'oneza kwa sauti ambayo soko zima lilisikia. "Yaya! Hapana, mwanangu. Mkwe ni mkwe. Nitalalaje ubavuni kwa mume wako? Usiku nikitaka kutoka nimruke?"

"Lina milango miwili, mzee," alisema Nelly, ambaye hajawahi kuona mazungumzo yasiyomhusu. "Mmoja huku, mmoja huku. Hakuna wa kumruka mwenzake."

"Milango miwili, lakini tumbo moja," Baba alisema.

"Nitashona pazia katikati," nikasema. "La kitenge. Mkwe kule, wewe huku." Nilikuwa nimekwisha kuamua. Theonest ana nguvu, ana adabu, na akiteguka mtu ana uwezo wa kumbeba. Nilichotaka mimi ni kimoja tu: Baba akianguka tena korongoni, kuwe na mtu wa kumsikia akiita.

Jumapili tukaenda nyumbani kwa wazazi, nje kidogo ya mji, kulijaribu. Mama alikuwa uani anachambua michembe ya safari, viazi vyetu vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Theonest alipiga magoti kumwamkia, Mama akaitikia "marahaba" bila kuinua kichwa, kisha akauliza kile kifuko kina nini. Tulipomwambia ni nyumba, alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Hema lilisimama upesi kuliko chai inavyochemka. Nikafunga pazia langu la kitenge katikati kwa vishikizo. Baba akaingia mlango wake, Theonest akaingia wake.

Nilichungulia kwenye wavu. Theonest alikuwa amelala chali na viatu vyake miguuni, mikono kifuani, kama marehemu anayesubiri kuagwa. Upande wa pili Baba alikuwa amegeukia kitambaa na kujikunja, pua imegusa ukuta, ili mgongo usiguse pazia. Jasho lilikuwa likiwatoka wote wawili. Kisha Theonest akapiga chafya.

"Afya," alisema Baba kule alikogeukia.

"Asante, baba," alijibu Theonest. Sijui ni hofu, sijui ni joto, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba."

Nilijiziba mdomo na kitambaa cha kichwa. Lakini Baba alipotoka sikucheka tena, kwa sababu alikuwa anafungua vigingi.

"Theonest ni kijana mzuri," alisema. "Simlaumu kwa lolote. Lakini mimi usiku huvua shati, hugeuka, huongea ndotoni. Mkwe akisikia ndoto zangu, asubuhi nitamwangalia kwa macho gani? Nitakwenda mwenyewe. Hema hili jepesi, litanitosha."

Hasira ikanipanda. Nilimwambia heshima yake itamzika. Nikamwambia siku zile mbili za mwaka jana sikushona hata mshono mmoja, na kwamba kama anaona aibu kulala na mkwe, ajue mimi naona aibu kuwa yatima kwa sababu ya kanga. Nilitaka kuendelea, machozi yakaniwahi. Nililia wazi, nimesimama katikati ya uwanja. Theonest akatoka kwa mlango wake, akabaki ameshika viatu vyake vilivyokuwa bado miguuni. Baba alisimama na kigingi mkononi, hajui akiweke wapi.

Ndipo tulipogundua Mama hayupo kwenye michembe yake.

"Zipu hii inafungwaje?" sauti yake ilitoka ndani ya hema.

Tuligeuka. Mama alikuwa ameingia kwa mlango wa mkwe, amefungua vishikizo vya pazia langu, amekikunja kitenge akakifanya mto. Alikuwa amelala amejinyoosha, mikono chini ya kisogo, anatazama juu.

"Lusia, toka huko," alisema Baba. "Nataka kulikunja."

"Sakafu yake laini," alisema Mama. "Nitakwenda mimi."

"Kwenda wapi?"

"Porini. Si mnatafuta mtu wa pili? Kuni natafuta humohumo porini, goti langu zima, na hiki kifuko kichwani nitakisahau kama kipo. Bunduki sitaigusa, nitakaa na maji na sufuria."

Baba alicheka, akaona hakuna anayecheka naye. "Mama Salome, mwindaji haendi na mke. Ni mwiko. Mzee wangu alikuwa akitaka kwenda kuwinda, halali na mama yangu wiki nzima."

"Ndiyo maana mlizaliwa wachache," alisema Mama.

Theonest alitazama mbinguni ili asicheke mbele ya wakwe zake.

"Kanga watakimbia," alisema Baba.

"Mwaka jana hukuwa na mwanamke. Walikungoja?" Kisha Mama akainuka, akakaa, na sauti yake ikabadilika. "Baba Salome, zile siku mbili ulizochelewa, umewahi kuniuliza nililala wapi?"

"Si ulilala ndani."

"Nililala pale mlangoni juu ya gunia. Mbwa akibweka, nasimama. Mbuzi akikohoa, nasimama. Uliporudi nikakukanda mguu kwa maji ya chumvi, nikakupikia, nikasikiliza habari za kanga. Nikasema moyoni, msimu ujao huyu mzee ataenda tena, najua, nani atamzuia? Lakini mimi sirudi kwenye lile gunia."

Nilihisi uso unawaka. Nilikuwa nimemtafutia Baba mtu wa kumsikia akiita, nikamtafuta kila penye suruali, na aliyekuwa akisikiliza miaka yote alikuwa anachambua michembe mbele ya pua yangu.

Baba aliangalia kule mlangoni pa nyumba, sasa hapana gunia, pana kuku tu wanaoparua. Kisha akainama akakirudisha kigingi ardhini na kukikanyaga kwa kisigino. Akavua viatu, akavipanga, akaingia kwa mlango wake. Fito zikalia kidogo.

"Lusia," tulimsikia akisema, "hema hili ni dogo."

"Ni la watu wawili," alisema Mama. "Sogea."