Thamani ya Farasi

...na sasa nimjibu nini Jaffar, wembe wa Tsuma uko shavuni, povu limenijaa mpaka masikioni, "Usitikisike, Kapteni, uso wenyewe ndio huo mmoja," anasema Tsuma, kinyozi wetu wa Magogoni, mwaka wa ishirini huu ananiita Kapteni ilhali ajua fika melini nilikuwa fundi wa umeme, nikibadilisha taa za vyoo kutoka Santos mpaka Odessa, na shemeji yangu Jaffar yuko kwenye benchi nyuma yangu, namwona kiooni, kofia pajani, tasbihi mkononi, keshauliza na ametulia kama mtu aliyetenga maji jikoni, "Basi, shemeji, wewe ndiye mjomba wake, na mambo hayo ya kompyuta wewe ndiye mjuzi, nipe neno moja, Swabra ana kipaji ama kabahatisha? Hao watu wa chuo cha Bremen waliomwita wataka jibu kabla ya Ijumaa, ukisema kipaji, aende, miaka miwili ya masomo si mchezo, ukisema kabahatisha, abaki na duka lake la dawa, nalo lina heri zake," neno moja, mjuzi, mimi mjuzi, ya Rabi, miaka kumi na moja naandika programu ya kucheza sataranji, kumi na moja, wenzangu wamezaa na kuozesha, nikaiita Simba wa Magogoni, na siku ya kuwaonyesha watu Simba akaliwa na mchezo wa bure uliomo kwenye simu ya mke wangu Barke, na Barke mwenyewe alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, anabonyeza kwa kidole cha mwisho kisichokuwa na tui... halafu huyu Swabra, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka ishirini na minne auzaye vidonge pale Mtopanga, kaja kwangu baada ya Idi akaomba daftari zangu zote tisa, na siku ya hamsini na saba akaleta programu yake, tukazipambanisha michezo arobaini, Simba akafungwa thelathini na minane, sare mbili, na zile sare naona alinifanyia heshima, siku hamsini na saba, miaka kumi na moja, nigawe hii kwa hii nipate nini, nipate presha... "Geuka kulia, Kapteni," nageuka, Jaffar ananipotea kiooni, heri, kwani neno si hilo tu, kipaji, Mungu kampa yeye kaninyima mimi, alivyoninyima nywele, nani atakasirika, nalisema tukaenda zetu kula, lakini mbona limenikwama... haiwezi kuwa alinishinda kwa kompyuta bora, alitumia hii hii yangu iliyong'oka vitufe viwili, wala si muda, melini nilikuwa na muda hata nikawa nausalimia asubuhi, labda ni daftari zangu, eh, hapo moyo umeinuka kidogo, alipita njia niliyoifyeka mimi, miaka kumi na moja nafyeka mwitu na yeye kaja na viatu vyeupe akapita... lakini kama siri ilikuwamo kwenye daftari, mbona mimi niliyeziandika sikuiona, "Hiyo sataranji, bwana Jaffar, ndiyo kama bao?" anauliza Tsuma juu ya kichwa changu, "Kama bao," anasema Jaffar, "ila wachezaji wake hawatukanani," "Sasa raha yake nini?" anasema Tsuma, na povu linaniingia puani kwa kicheko, "Usicheke, Kapteni, ntakuacha na alama ya vita..." farasi, shida yote ni yule farasi, kwani programu haijui kete ipi nzuri, waiambia wewe, askari thamani yake moja, ngome tano, na mimi farasi nikampa tano vilevile, sawa na ngome, kwa sababu Mzee Mwidani aliyetufunza sataranji sote, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukimtoa farasi ukapewa ngome umeuza mwanao, na wallahi yeye akibakiwa na farasi wawili ulikuwa unatokwa jasho kwenye kivuli, basi neno lake nikalitia kwenye programu, na kila kitu kingine nikakipinda kimfuate farasi, Simba akawa anakimbia na farasi wake kama mtu anayeokoa vyombo vya arusi nyumba ikiungua, mfalme yuko ndani, hana habari naye... na Swabra alasiri ya kwanza tu, chai hata haijapoa, "Mjomba, hii tano ya farasi umeitoa wapi?" "Kwa Mzee Mwidani," "Na ukaijaribu?" "Mwanangu, neno la mzee halijaribiwi," "Haya, mjomba," akasema kwa adabu zake zote, na kwa adabu hizo hizo akaandika tatu, akaziacha programu mbili zicheze zenyewe kwa zenyewe michezo elfu, yenye tatu kwa yenye tano, akaenda zake kazini, kesho yake akaja na mahamri na jawabu, tatu imeila tano haikubakisha mfupa, hakucheka, mimi ndiye niliyecheka, nilitia mzaha ule nitiao mtu akinikaribia... basi hicho ndicho kipaji? kutomwamini marehemu? nikamwambie Jaffar, shemeji, hongera, binti yako hana adabu kwa nambari? na hilo ndilo Jaffar analolikimbia, juzi tu kwenye biriani, mbele yangu na mbele ya dada yangu Ummulkheir, "Weye Swabra kila neno wataka ushahidi, kwani nyumba hii mahakama?" nikisema Swabra alivyofanya kazi hasa nitamfungia mlango kwa mkono wangu, nikisema kipaji Jaffar ataomba dua, zawadi ya Mungu nani ataizuia, msichana atapanda ndege, basi sema, mzee, uongo wenyewe mdogo... ni uongo lakini? nami mbona naupenda hivi, mbona mtamu kama tende... kwa ajili ya ile daftari ya nne, hiyo ndiyo, jana amenirudishia zote, ametia kijikaratasi ndani ya ya nne, nikaifungua jikoni nimesimama, mwandiko wangu, Santos, nakumbuka mvua ile, nakumbuka hata kalamu, nimeandika *farasi labda tatu, jaribu*, na juu yake nimepiga mstari, si mmoja, mitatu, na pembeni nimeandika astaghfirullahi, mwaka wa nne huo, jibu lilikuwa langu, nililishika nikalizika kama mtu afichaye kosa, miaka saba nikalikalia juu... sasa nikisema Swabra ana kipaji nimejisamehe, si ndivyo, yeye kapewa mimi sikupewa, na mimi nilipewa, ama sikupewa, maana kupewa jibu ukaogopa kulijaribu ndiko kupewa gani... heshima yangu kwa Mzee Mwidani ilikuwa woga uliovaa kanzu, na Mzee mwenyewe angeonyeshwa ile michezo elfu angefanya nini, angekasirika, angevua kofia, angesema rudia, pangeni kete upya, nipambanisheni mimi na hiyo tatu, hakuwa mtu wa kukubali neno bila kucheza, ni mimi niliyemfanya msikiti, masikini mzee wa watu... "Shingo sasa, Kapteni, inua kidevu, usimeze mate," wembe umeshuka, baridi, "Nangoja, shemeji," anasema Jaffar, na tasbihi imesimama, na sijui hata sasa kipaji ni nini, sijui kinaharakisha vipi, sijui kama ni kitu ulicho nacho au kitu usichokuwa nacho, lakini nitamwambia ile mistari mitatu, nitamwambia msichana aende, si kwa kuwa amepewa alichonyimwa mjomba wake, ila akibaki hapa kati yetu, mimi na yeye Jaffar na mapenzi yetu yote, tutamfunza kufuta jibu lake mwenyewe, na huenda Jaffar akanuna, huenda akasema ndiyo maana namkataza, mkorofi wa watu, huenda nikamharibia yote kwa kusema kweli siku isiyohitajiwa, mate yamejaa kinywani hayamezeki, namtazama kiooni naye ananitazama, nimeshika mikono ya kiti, namwomba Tsuma kimoyomoyo amalize upesi, nipate kulisema kabla sijapata mzaha wa kuutia mahali pake...