Vidole vya Rosalie

Chumvi ilikuwa imemla Rosalie vidole. Tangu avuke kutoka Pweto, Kongo, kuingia Zambia, alikuwa akipasua na kutia chumvi samaki wa watu pale Kashikishi. Ngozi ilikauka, ikapasuka, ikafunga, ikapasuka tena, naye akasema kazi ni kazi. Nani angemwambia kwamba siku moja ataombwa vidole vyenye mistari?

Siku hiyo ilikuja na mashine. Katika kambi ya wakimbizi alikoishi, unga sasa hupewa mtu ambaye vidole vyake vimesomeka, na vyake vilikataa. Karani akamwambia arudi mwisho wa mwezi. Vikikataa tena, jina lake linafutwa, pamoja na la binti yake Keren. Mumewe Gustave alikwishazikwa huko Pweto, na Keren hakuwa amefikia umri wa kuandikishwa, kwa hiyo hapakuwa na kidole kingine cha kuazima.

Nesi Ngosa wa zahanati alimhurumia, akampa kopo la vaselini.

"Mayo, mama yangu, wacha chumvi kwanza," alisema. "Osha na maji safi, pakala hii asubui na mangaribi. Usifanye kingine."

Rosalie aliacha kazi ya Kashikishi. Mama na binti wakala mihogo mitupu, lakini nyufa zilifunga kweli. Akawa anatoka nje kuitazama mikono yake juani, akicheka peke yake, jambo ambalo Keren hakuwa amelizoea.

Kilichobaki ni ncha za vidole, ngumu kama kisigino. Na dawa ya kisigino kila mwanamke wa kwao anaijua: unaloweka, unasugua na jiwe, unapaka mafuta. Hakuna anayeingia kanisani na visigino vyeupe kwa ukavu, na Rosalie hakuona kwa nini mashine ya wakubwa ipewe heshima ndogo kuliko kanisa. Asubuhi ya siku yenyewe aliloweka vidole, akavisugua kimoja kimoja na jiwe la miguu, akavipaka vaselini vikang'aa.

"Maman, inakuwa laini sana," Keren alisema, akivishikashika.

"Leo itasoma," alijibu. Na maskini, aliamini.

Karani alimfuta mafuta kwa kitambaa, taratibu, maana hakuwa mtu mbaya. Taa ikawaka nyekundu. Akajaribu kidole kingine, na kingine, mpaka vikaisha.

"Mama, hii vidole ni muzuri, lakini mistari haiko. Ulifanya nini?"

"Nilisugula na jiwe, juu ikuwe laini."

Karani alikigeuza kidole kimoja kwenye mwanga. "Mistari ilikuwa inaanza kurudia," akasema. "Ungeiacha tu."

"Basi nitarudia siku gani?"

"Leo njo ilikuwa ya mwisho, mama."

Hakulia pale. Alilia njiani, kwa hasira ya mtu aliyejikomoa kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake walikuwa Kashikishi, safari hii wawili, kwa sababu bila unga wa kambi mikono ya mmoja isingetosha tena. Mwenye samaki alimpa Keren kisu na kumwonyesha pipa la chumvi. Rosalie alimvuta binti yake pembeni, akakwangua vaselini iliyobaki kwenye kopo, akampaka kila kidole, hata katikati ya vidole, akiitazama ile mistari myembamba iliyokuwa bado mizima.

"Shika pole pole," alimwambia.

Alijua samaki wa kwanza atayaondoa mafuta yote. Alimpaka tu.