Upande Mkavu wa Godoro

Mimi mdomo wangu hauna breki, wala sijisifu kwa hilo. Umeniponza mara nyingi, ila ile Ijumaa nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tunafua mashuka ya hoteli, watu tisa kwenye chumba kimoja chenye mvuke na sakafu isiyokauka. Kila Ijumaa tukishakula, msimamizi wetu, mzee tunayemwita Babu Sabuni, huleta kopo la biskuti lililojaa vikaratasi vya maswali. Zamu yako ikifika unachomoa kimoja, unajibu, watu wanacheka, unapewa mche wa sabuni. Maswali yenyewe ya kipuuzi tu. Unapenda rangi gani? Ukiamka unashusha mguu upi kwanza? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini?

Babu Sabuni alikuwa anastaafu, na Jumatatu dada yangu ndiye angeshika nafasi yake. Ni dada yangu wa tumbo moja, amenizidi miaka mitatu, mpole kupita kiasi. Wasichana wa pasi walishaanza kunong'ona kwamba hatawaweza, watamkalia kichwani. Na mimi, nisiseme uongo, roho ilikuwa inaniuma. Pale niliingia kabla yake, tena kazi nilimtafutia mimi.

Zamu yangu ikafika. Nikachomoa, nikasoma: "Kitu gani cha utotoni kinakuchekesha mpaka leo?"

"Aa, hilo jepesi," nikasema. "Mimi na dada tulikuwa tunalala godoro moja. Basi huyu mnayemwona, bosi wenu wa Jumatatu, alikuwa kikojozi mpaka darasa la sita! Kila asubuhi godoro juani, na yeye katikati ya uwanja na shuka lake kichwani, majirani wote wanazomea!"

Chumba kizima kililipuka. Fundi wa mashine alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ndiyo maana anayajua mashuka!" akasema msichana mmoja wa pasi.

"Jumatatu tumtandikie nailoni kwenye kiti!" akadakia mwenzake.

Nikacheka nao, nikachukua sabuni yangu. Dada naye alitabasamu, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sasa nisikilize vizuri. Kikojozi nilikuwa mimi.

Mimi ndiye niliyelilowesha lile godoro karibu kila siku. Mama yetu mkono wake ulikuwa mwepesi, na dada akisikia tu nyayo zake, alinivua gauni, akanivalisha lake, akanisukuma upande mkavu, akalala yeye penye maji. Fimbo akala yeye. Shuka kichwani akabeba yeye. Jina la kikojozi likamfuata mpaka shuleni, na mimi huyu huyu nikawa nazomea pamoja na wenzangu ili nisishukiwe. Hatujawahi kulizungumza hata siku moja.

Mapumziko yakaisha, tukarudi kazini. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, mmoja huku mmoja kule, mnalivuta, halafu mnasogeleana mpaka ncha zikutane. Na mwenzangu wa kukunja miaka yote ni dada. Shuka la kwanza sikumtazama usoni. La pili vidole vyetu viligusana, nikayaona macho yake, mekundu. Laiti angenitukana, ningepumua.

"Umechoka, mdogo wangu?" akaniuliza. "Kaa kidogo, nitamwita mwingine tukunje naye."

Ndipo aibu iliponishika barabara. Nikaziachia ncha zangu, zikaanguka chini.

"Jamani!" nikapaza sauti. "Nisikilizeni! Nilidanganya. Kikojozi ni mimi. Dada alikuwa ananifichia, anapigwa badala yangu. Ni mimi!"

 Msichana mmoja wa pasi akashika shavu. "Maskini, anamtetea dada yake!"

Wengine wakapiga makofi. Babu Sabuni akatikisa kichwa, akasema, "Huo ndio undugu."

"Sitanii!" nikapiga kelele, machozi yananitoka. "Muulizeni mwenyewe!"

Wote wakamgeukia. Neno moja tu lingetosha, na Jumatatu angeingia mle kichwa juu. Dada alinitazama kitambo, kama alivyokuwa akinitazama zamani nyayo za mama zikikaribia mlango.

"Mwacheni mdogo wangu," akasema huku akicheka. "Ananionea huruma tu. Nilikuwa mimi."

Kicheko kikaanza upya. Dada akainama, akaziokota zile ncha nilizoangusha, zimelowa maji ya sakafuni. Akazishika yeye, na zile kavu akanipa mimi.