Moyo Ulionyooka wa Kaka Ku

Chai ya maziwa ya gololi, ile yenye vidonge vya muhogo chini, ilifika saa tisa kasoro tano, kama kila siku, na Liao Pei-chen alikuwa bado anafuta jasho la vikombe kwenye meza ya vipimo pale Kaka Ku alipoingia na ndala zake. Kaka Ku alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu. Akavuta kiti chake, akafungua vifungo vya shati, akajibandika nyaya tatu kifuani, akatulia.

Hakuna aliyeinua kichwa. Hii ilikuwa wiki ya pili anakuja. Kadi yake ya kazi ilishafutwa, kwa hiyo Mjomba Fang wa getini alikuwa anampa ya wageni, na yeye anairudisha saa kumi na moja kamili. Dada wa utumishi alimletea fomu ya kuacha kazi. Akaisoma yote, akasema ataijaza akipata nafasi.

Maabara yao pale Hsinchu, Taiwan, ilikuwa inatengeneza kipimo cha moyo cha kubandika kifuani, kidogo kama biskuti. Pei-chen kazi yake ilikuwa saa iliyomo ndani. Maana kipimo hakiusikilizi moyo muda wote, kinauchungulia tu mara mia tano kwa sekunde, na kila kikichungulia kinaandika namba. Ni kama kumpiga picha mtoto kwenye bembea. Kidole kikichelewa kidogo tu, picha inakwambia mtoto yuko mahali ambapo hakuwepo. Saa ikitetemeka, namba zinadanganya. Dawa yake Pei-chen aliijua toka chuoni: pamoja na moyo unapitisha mlio mdogo ambao unaujua vizuri. Vyote viwili vikiyumba pamoja, kosa ni la saa, unazirudisha namba mahali pake. Mlio ukitulia na moyo ukayumba, basi huo ni moyo.

Kipimo chao hakikuwa na mlio. Mwanzoni kilikuwa nao, wakautoa siku aliyokufa Kaka Ku.

Yeye ndiye aliyekuwa anawaazima moyo wa kufanyia majaribio, kwa sababu ulikuwa umetulia kuliko wa mtu yeyote pale ndani, na kwa sababu hata hivyo alikuwa haendi nyumbani. Siku hiyo wimbi la moyo wake lilianza kuyumba tangu asubuhi. Mtu mmoja akaangalia juu ya mashine ya kuseti ile saa, kwenye pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi. Kila mashine pale inawekewa pakiti yake, kama hirizi, ili isisumbue. Hii ilikuwa imepitisha tarehe ya kuisha kwa siku nne.

Basi, kila mtu akaelewa: saa imeharibika. Mlio wenyewe ulikuwa umetulia tuli, wakasema mlio ndio mbovu. Meneja Tseng akaagiza utolewe, moyo wa Ku uwe rula. Pigo likichelewa, programu ilivute mahali pake. Lisipoonekana kabisa, ichukue la mwisho inaloliamini, ilipachike hapo. Aliyekimbia dukani kununua pakiti mpya alikuwa Pei-chen. Aliporudi, wimbi lilikuwa limenyooka na watu wanapiga makofi. Kaka Ku akaenda kujinyoosha kwenye kochi karibu na jiko, akafia pale kabla ya chakula cha jioni. Mkewe alionyeshwa karatasi. Moyo ulikuwa sawa.

Sasa Pei-chen akaweka kikombe mbele ya Kaka Ku, akatupa jicho kwenye kioo cha mashine ili ajaze ripoti ya mwisho. Mapigo sitini kwa dakika. Akaandika sitini.

Akaangalia kioo. Akamwangalia Kaka Ku. Akazima masahihisho ya programu, mstari ukalala chini kama uzi. Akawasha, sitini. Akazima tena.

"Kaka Ku," alisema polepole, "moyo wako unapiga?"

"Unapigaje, we naye? Si mlinizika."

"Mbona hapa..."

"Ndicho nilichokuja kukuonyesha. Wiki mbili nakaa hapa, wewe unaniletea gololi tu." Akavuta mrija, hakikupanda kitu. "Saa haikuwa na kosa siku ile, mdogo wangu. Nilikuwa mimi."

Pei-chen alikwenda kumwita Meneja Tseng mwenyewe, kwa miguu. Meneja akaja na kisanduku chake cha chakula mkononi, akamsalimia Ku, akauliza hali ya mkewe.

"Meneja, kipimo kinasema maiti ni mzima," Pei-chen alisema. "Kinafuta ugonjwa. Mzigo wa vipimo usiondoke Ijumaa."

Meneja Tseng akaliangalia wimbi. Alisema halijawahi kutoka zuri namna hii. Kisha akanyoosha kijiti chake cha kulia kuelekea juu ya mashine.

"Pakiti hiyo inaisha lini?"

Pei-chen akasoma. "Mwezi wa kumi na moja."

"Basi saa ni nzima. Unataka nini tena?"

Pei-chen aliandika kila kitu kwenye ripoti, kurasa mbili. Ikarudi imesainiwa, kurasa mbili hazimo. Ijumaa mzigo ukaondoka.

Mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, wakati marehemu wanafunguliwa mlango, Mjomba Fang alipanda juu kuomba kadi zaidi za wageni. Kumi alizokuwa nazo zilikuwa hazitoshi. Watu walikuwa wanapanga foleni getini kila saa tisa, wana adabu, kila mmoja na kile kipimo kama biskuti kifuani, wakiuliza kinarudishwa wapi. Mwezi ukaisha, wao wakaendelea kuja. Oda ya chai ikapandishwa.

Pei-chen huwasoma mmoja mmoja, Kaka Ku akimshikia nyaya. Juzi alikaa mama mmoja aliyevaa aproni ya jikoni, unga bado uko kwenye vidole.

"Binti," aliuliza, "hebu niambie, mimi nilikuwa na nini?"

Pei-chen akaangalia kioo. Sitini. Kama wote waliomtangulia. Akamsogezea mama chai.