Mwenzi Ndiye Anayesema

Sisi ni mafundi wa lifti. Kazi yetu ni kuingia kwenye mashimo ambayo wapandaji hata hawayafikirii, huku wao wakilalamika nje kwamba tunawachelewesha. Mimi ndiye mwanamke pekee karakanani, na wananiita Pilipili kwa sababu ya ulimi wangu. Sikatai. Asiyetaka kuwashwa asinichokoze.

Mwenzangu kwa miaka kumi na moja alikuwa Mzee Turufu. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kabla ya kazi alinifundisha karata. Wiki yangu ya kwanza hakuniruhusu kushika hata spana. Kila saa ya chakula alinikalisha mbele yake, kwenye kasha la vipuri lililopinduliwa, tukacheza wawili dhidi ya fundi umeme na dereva.

"Ukishindwa kumsoma mwenzako hapa penye mwanga," aliniambia, "shimoni utamsomaje?"

Nikajifunza. Nikajua kukumbuka kilichokwisha toka, na kutopoteza turufu kwa hasira, jambo lililonisumbua kuliko yote. Siku mainjinia watatu waliponihoji kuhusu kupandishwa daraja, niliwaacha wamalize karata zao kwanza, ndipo nikatoa yangu. Daraja nikalipata.

Katika mchezo wetu, kopa ikitangulizwa, mwenye kopa lazima atoe kopa. Ukitoa nyingine ilhali unayo, hilo ni kosa, na kila kijiwe kina adhabu yake. Kwetu Mzee aliweka desturi ambayo sijaiona kwingine: kosa linasemwa na mwenzi wa mkosaji. Mwenzi akiwahi kusema, mnapoteza mzunguko mmoja tu. Akinyamaza, kisha likajulikana, mnafua maovaroli ya karakana nzima. Hapo hakuna kujitetea wala kuombeana msamaha.

Jumanne moja kopa ilitangulizwa, Mzee akatoa pau. Mizunguko miwili baadaye akatoa kopa, taratibu, kama mtu asiye na deni na yeyote. Huyu ndiye aliyekuwa akikumbuka kila karata iliyolala tangu mwanzo wa mchezo. Wapinzani walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Nikaifunika kopa ile kwa karata yangu, nikazizoa zote, nikacheka kwa sauti.

Nilinyamaza. Mimi, Pilipili. Mzee alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na nilijua wakimtilia shaka watamtoa kwenye mashimo na kumkalisha stoo kama spana iliyoota kutu. Nikajiambia kuteleza si kuanguka.

Alhamisi tulikuwa kwenye jengo la ghorofa tisa. Kabla fundi hajapanda juu ya lifti, mwenzake huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli, kisha humkabidhi ufunguo. Mzee alinipa ufunguo, nikautia mfukoni bila kwenda kulitazama kufuli. Miaka kumi na moja, ningelitazama la nini? Nilikuwa nimepiga magoti juu ya lifti, nikipaka grisi, nilipousikia umeme ukirudi. Mtu wa ghorofa ya juu alikuwa amebonyeza kitufe. Lifti ikaanza kupanda nami. Nikajitupa kifudifudi, nikatafuta kitufe chekundu cha kusimamisha, nikakipata ikiwa imebaki ghorofa moja nifike kwenye zege la dari ya shimo.

Mzee alikuwa amesahau kulibana kufuli. Kisha akasahau kwamba nipo ndani, akawasha swichi.

Injinia wa karakana alipouliza, nilimwambia kosa ni langu, nimeingia shimoni bila kutoa taarifa. Akanipa onyo la maandishi. Mzee alisimama pembeni akinitazama, na mimi kiwiko kikinivuja damu sikumwangalia.

Jumatatu tulikuwa tuanze kubadilisha kamba za chuma kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Wiki mbili, mimi shimoni, yeye kwenye swichi. Nilikuwa na hofu, na hofu hiyo iliniaibisha, maana nilimpenda kama baba.

Ijumaa tukakaa kwenye kasha kama kawaida. Nikatanguliza kopa. Kumi zilikwisha toka, mbili zilikuwa zangu ukijumlisha hiyo, na wapinzani walikwisha onyesha hawana kopa. Moja iliyobaki ilikuwa kwa Mzee tu. Nilihesabu mara mbili, kama alivyonifundisha.

Akatoa shupaza.

"Mzee," nikasema, "una kopa."

Dereva akaacha kutafuna. Mzee akaziinamia karata zake, akazipitia moja moja.

"Hata Jumanne ulikuwa nayo. Nikaificha. Na jana kufuli hukulibana. Swichi uliwasha wewe, mimi nikiwa juu ya lifti. Nimemdanganya injinia, Mzee. Jumatatu siwezi kuingia."

Nililia mbele yao wote, na sioni aibu kulisema.

Mzee akazilaza karata zake juu ya kasha, zikiangalia juu. Kopa ilikuwa katikati.

"Jumanne nilikuona ulivyoifunika," akasema. "Nikajua utaniambia tukibaki wawili. Ukachukua mkoba wako ukaenda nyumbani. Jana nikakusikia ukijibebesha kosa langu, nikasema basi, leo ataniambia. Ninasahau, mwanangu. Tangu mwaka jana. Mdomo wangu ulishindwa kulitamka. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilikuwa nakulinda, Mzee."

"Najua. Uliniacha peke yangu nalo."

Akasimama, akanishika mkono, tukaenda kwa injinia. Nilieleza mimi, yeye akiwa karibu yangu akiitikia kila neno. Alasiri hiyohiyo akahamishiwa stoo.

Tuliporudi, fundi umeme alikuwa akikusanya karata.

"Ya leo ni mzunguko mmoja tu, Pilipili kawahi," akasema bila kututazama. "Yaishe."

"Na ya Jumanne?" Mzee akauliza.

Fundi umeme akaendelea kukusanya karata.

"Ya Jumanne tutafua," Mzee akasema.

Jumamosi tulifua maovaroli kumi na manne nyuma ya karakana, mimi nikisugua, yeye akisuuza. Mara mbili aliniuliza kama sabuni imekwisha, na mara zote mbili nilimjibu kwamba bado ipo. Jumatatu niliingia shimoni na mtu mwingine.